Kila Mtu na Chakula Chake

Neno la Jumapili ya Meza ya Bwana, ibada ya pili
Maandiko: 1 Wakorintho 11:17–34; Wagalatia 6:2–5

Kabla hujaketi, mpendwa, mgeukie aliye karibu nawe umwambie, "Jirani, nimefurahi kukuona."

Asanteni. Sasa nina swali, na usijibu kwa sauti. Huyo jirani uliyefurahi kumwona anaitwa nani? Sisemi "ndugu" au "dada." Jina lake. Anaishi mtaa gani? Wiki hii imemwendeaje?

Naona wengine mnacheka na wengine mnaangalia viatu. Msijali, mimi ndiye wa kwanza kuhukumiwa. Nimewaambia "mwambie jirani yako" kila Jumapili kwa miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba ninawatuma kwa mtu msiyemjua. Tumekuwa kama abiria wa matatu. Tumeketi goti kwa goti, tunaelekea upande mmoja, lakini kila mtu anaangalia dirisha lake na ana steji yake ya kushukia.

Miezi michache iliyopita dada mmoja wa kanisa hili alifanyiwa upasuaji. Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje, kwa hivyo msianze kugeuza shingo. Alipofika hospitalini alipewa fomu. Wengi wenu mnaijua hiyo fomu: jina, umri, nambari ya kitambulisho, halafu chini kuna mstari unaouliza jamaa wa karibu ni nani na simu yake ni gani, yule wa kupigiwa kukitokea jambo. Dada yetu alikuja mjini kutoka mbali. Wazazi walishalala. Ana kaka mmoja, na hawajaongea kwa muda. Akashika kalamu. Aliniambia, "Pasta, nilikaa na hiyo kalamu mpaka nesi akaniuliza kama najua kuandika."

Ni mshirika wetu kwa miaka sita. Zidisha sita kwa Jumapili hamsini na mbili, utapata zaidi ya mia tatu. Jumapili mia tatu amesimama humu ndani, ameinua mikono, ameambiwa na jirani kwamba anapendwa, na hakupata jina hata moja la humu la kuandika kwenye ule mstari. Aliandika jina la mama mboga anayeuza nje ya ploti yao. Mama yule si wa kanisa letu, wala si wa dini yetu. Ndiye aliyekaa na watoto wake wawili siku tisa, akawapikia, akawaamsha kwenda shule.

Sasa sikia sehemu inayoniuma. Nilipopata habari, nilirudi ofisini nikafungua daftari la washirika nione alikosa Jumapili ngapi. Daftari lilisema hakukosa. Fungu lake la kumi liliendelea kuingia kwa simu, na siku hizi mtu ambaye sadaka yake imeingia sisi tunamwekea alama ya yupo. Dada alikuwa amelala na mshono tumboni, na vitabu vyetu vinasema alikuwa kwa ibada.

Nilipomwuliza kwa nini hakunipigia, hakunilaumu. Enyewe ningependelea anilaumu. Alisema, "Pasta, sikutaka kusumbua mtu. Nilijua kila mtu ana mambo yake."

Kila mtu ana mambo yake. Hilo ndilo neno tunalolipima leo mbele ya Meza ya Bwana.

KANISA LENYE KARAMA ZOTE

Fungua na mimi 1 Wakorintho 11. Kabla hatujaingia, kumbuka Korintho ilikuwa mji wa namna gani. Mji wa biashara, una bandari pande mbili za shingo ya nchi, na moja ya bandari hizo ni Kenkrea, unakoisoma katika Warumi 16. Warumi walikuwa wameuvunja, halafu Julius Caesar akaanza kuujenga upya mwaka wa 44 kabla ya Kristo. Kwa hivyo Paulo alipofika, ulikuwa mji wa watu waliotoka kwingine kutafuta maisha. Watu wa kuhangaika, wa kupanda juu, wa kujitafutia jina. Unaujua mji kama huo? Umeamkia ndani yake leo.

Paulo alikaa pale mwaka mmoja na nusu akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Kanisa lilizaliwa, na lilikuwa kanisa la moto. Katika sura ya kwanza Paulo mwenyewe anakubali kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Lugha zilikuwepo. Unabii ulikuwepo. Uponyaji ulikuwepo. Kama Korintho ingekuwa hapa kwetu, ingekuwa ndilo kanisa ambalo watu wanapanda matatu mbili kulifikia.

Ndipo tunafika 11:17, na mtume anawaambia kwamba wakikusanyika hawapati faida, wanapata hasara. Wapendwa, hebu hilo liingie. Inawezekana ibada ikawa na upako, na watu wakanena kwa lugha, na bado ikaandikwa mbinguni kama hasara.

Kosa lilikuwa nini? Hawakuwa wamekana imani. Kosa liko mstari wa 21: wakati wa kula, kila mtu alianza na chakula chake mwenyewe. Huyu ana njaa, yule amelewa.

Nikueleze vile ilivyokuwa. Hawakuwa na jengo la kanisa, walikusanyika katika nyumba ya mshirika mwenye uwezo. Meza ya Bwana haikuwa kipande cha mkate na kikombe kidogo kama chetu, ilikuwa ndani ya mlo kamili. Na siku ya kwanza ya juma ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mwenye nafasi yake alifika mapema na kikapu chake, akaketi pale pazuri na marafiki zake, akala, akanywa. Mtumwa, kibarua wa bandarini, huyo aliachiliwa giza likiwa limeingia. Alifika na jasho lake, akakuta mifupa.

Na wale walioshiba, ukiwauliza, hawakuona shida. Si ni chakula changu? Nimenunua kwa pesa yangu. Sikumnyang'anya mtu. Kila mtu apambane na hali yake.

Paulo anawauliza kama hawana nyumba za kulia. Anasema wanalidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Halafu anaenda mahali panapotisha, mstari wa 29 na 30: ati mtu akila bila kuutambua ule mwili, anajilia hukumu, na ndiyo sababu kwao wengi ni dhaifu, wengine wagonjwa, wengine wamelala. Tumezoea kuusoma mstari huo tukiangalia ndani ya mfuko wetu wenyewe: je, nina dhambi ya siri? Sawa, jichunguze, imeandikwa. Lakini soma sura yote. Dhambi iliyoleta ugonjwa pale ilikuwa kuketi meza moja na mwili wa Kristo bila kumwona aliye karibu nawe.

Watu hupenda kusema kwamba tabia hii tumeletewa na wazungu, au na simu. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini Mkorintho hakuwa na simu. Akani hakuwa na runinga. Ukisoma Yoshua 7, mtu mmoja alichimba shimo ndani ya hema lake akaficha vazi, fedha na dhahabu. Hema lake, siri yake. Na huko Ai walianguka kama watu thelathini na sita ambao hawakujua lolote juu ya hilo shimo, na Bwana hakusema Akani amefanya dhambi, alisema Israeli wamefanya dhambi. Ubinafsi ni mzee kuliko huu mji wetu. Mji umeupatia tu kufuli na geti.

NINYI

Sasa nataka niwaonyeshe vile jambo hili limeingia mpaka ndani ya usomaji wetu wa Biblia. Mungu ametupa zawadi katika Kiswahili ambayo hatuitumii. Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu mia. Kiswahili kinatenganisha: kuna wewe, na kuna ninyi.

Fungua Yeremia 29:11. Najua, hata huhitaji kufungua. Iko ukutani sebuleni, iko kwenye simu, iko kwenye kadi ya mtoto aliyemaliza shule. Bwana anayajua mawazo anayo... anayowawazia nani? Ninyi. Barua ile iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, wote pamoja. Na mstari wa 10, ambao hakuna anayeuweka ukutani, unasema hayo yatatimia baada ya miaka sabini. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa wangezikwa Babeli. Ahadi ilikuwa yao bado, kwa sababu ilikuwa ya watu wao, na watoto wao wangeirudia njia. Sisi tumeichukua, tukaing'oa kwa wale watu, tukaondoa ile miaka sabini, tukaifanya iwe gari langu kabla ya Desemba.

Au 1 Wakorintho 3:16. Utamsikia mtu akikataa sigara akisema mwili wake ni hekalu. Vizuri, usivute. Kwa hilo utapata msaada katika sura ya 6. Lakini katika sura ya 3 Paulo anasema ninyi, wote, ndio hekalu, na Mungu atamharibu mtu anayeliharibu. Anazungumza na watu waliogawanyika, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, na ndiyo maana sentensi ile ni kali hivyo.

Wafilipi 4:13 ndiyo ninayoipenda zaidi, maana iko nyuma ya kila bodaboda. Nayaweza mambo yote! Amina? Amina. Sasa mstari wa 14. Kimya. Mstari wa 14 Paulo anasema, hata hivyo, mlifanya vyema kushiriki dhiki yangu. Na 15 na 16 anakumbuka kwamba walimtumia msaada zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike, na sasa Epafrodito amefika na mzigo mwingine. Mtu anayeyaweza mambo yote anaandika barua ya kushukuru kwa kutumiwa vitu! Nguvu za Kristo zilimfikia gerezani kwa miguu ya Epafrodito. Sisi tunataka zije kwa waya.

Na sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe, itafute humo neno "mimi." Hulipati. Mkate ni wetu, makosa ni yetu, majaribu ni yetu. Ukiiomba peke yako chumbani umefunga mlango, bado inakulazimisha useme kwa wingi.

Linganisha na maombi yetu ya kesha. Nimesikiliza Ijumaa mbili zilizopita kwa makusudi. Mlango wangu, kibali changu, nyota yangu, adui zangu. Na adui zangu ni akina nani? Ni shangazi. Ni mwenzangu kazini. Ni jirani wa ploti aliyeniangalia vibaya nikianika nguo. Tazama mahali tumefika: mtu akianza kumwomba Mungu kwa ajili yake peke yake, haichukui muda kabla jirani hajawa mchawi. Sikatai kwamba kuna vita vya rohoni, mnanijua. Ninasema tumekuwa hodari wa kumfunga jirani na wavivu wa kumtembelea.

Hata ushuhuda. Mtu anasimama, Mungu amenipa kiwanja, tunapiga makofi, anaketi. Lini mara ya mwisho mtu alisimama akasema, "Nilikosa kodi miezi miwili, na ndugu watatu wa ushirika wa nyumbani walinilipia, na sasa nimepata kibarua"? Huo ni muujiza wa Matendo 4. Au tunaona kama Mungu hakuhusika kwa sababu watu walihusika?

KWA NINI WATU WANAJIFICHA

Nikikomea hapo nitakuwa nimewaonea. Maana nimezunguka miezi hii nikiuliza watu, na nimegundua wengi hawajifichi kwa sababu wanajipenda kupita kiasi. Wanajificha kwa sababu walijifunua mara moja na wakachomeka.

Mmoja alileta hitaji la maombi Jumatano kuhusu ndoa yake. Ijumaa likawa limefika kwaya. Jumapili mke wake anaulizwa na mtu wa benchi la nyuma kama ni kweli. Mwingine alikopesha ndugu katika Bwana, na ndugu akahama kanisa pamoja na deni. Mwingine alimwambia kiongozi kwamba ana huzuni isiyoisha, akajibiwa kwamba hana imani. Watu kama hao wakifunga mlango, sisi tunawaita wabinafsi. Lakini ni nani aliyewapa kufuli?

Halafu kuna ile 2020. Machi ile makanisa yalifungwa, tukajifunza kuabudu kwa simu, na Mungu alikuwa nasi, sidharau. Julai tulipofunguliwa ilikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na wazee na watoto wabaki nyumbani. Wengine walizoea wakabaki huko. Ninaelewa. Sofa haina umbea. Mhubiri wa kwenye simu hakuulizi kwa nini umekonda, na ukichoka naye unamzima. Mpendwa unayesoma haya kwa sababu hukuja Jumapili, sikukemei. Nakuuliza tu: huyo mhubiri wa kwenye simu, nambari yake unaweza kuiandika kwenye fomu?

Elia alipochoka alifanya hivyo hivyo. Wafalme wa Kwanza 19:3, watu huruka hapo: alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani peke yake. Alianza kwa kumwacha mwenzake, na kituo kilichofuata akaomba afe. Na wimbo wake mpaka Horebu ulikuwa mmoja, kwamba amebaki yeye peke yake. Mungu hakubishana na uchungu wake. Alimlisha kwanza, akamlaza. Baadaye ndipo akamwambia kuna elfu saba. Na mtu aliyetaka kufa akatoka pale, akaenda shambani kwa Elisha akamtupia vazi lake, na Elisha akamfuata akamhudumia. Elia alipata tena mtumishi wa kutembea naye.

Wazee wetu wa Uamsho, ule uliochipuka Gahini kule Rwanda na kufika kwetu Kenya miaka ya 1930, walikuwa na neno: kutembea nuruni. Walikutana, wakaungama dhambi mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba. Shosho wangu alikuwa mmoja wao. Sitawadanganya, walikuwa na ukali wao. Wangeweza kukuuliza kuhusu nywele zako. Lakini shosho alipougua, hakukuwa na fomu. Mlango haukufungwa kwa wiki nne. Sasa sisi tumekimbia ule ukali, na katika kukimbia tukaangusha ule mlango uliokuwa wazi.

Nikilinganisha na chama cha akina mama hapa mtaani, naaibika. Ukikosa chama mara moja unapigiwa simu tatu na unalipishwa faini. Ukizaa, wanakuja na unga na sabuni. Ukikosa kanisa miezi mitatu unatumiwa ujumbe wa kukukumbusha sadaka ya ujenzi. Na tukipata habari za ugonjwa kwenye grupu, tunaandika "pole sana, tuko pamoja," tunaweka ile mikono miwili ya maombi, tunaendelea kukoroga chai. Mtu akifa, hapo ndipo tunaamka: kamati ya mazishi inaundwa usiku ule ule, ina mwenyekiti na mweka hazina, pesa inachangwa. Alipokuwa hai na pesa hiyo ingemtibu, kila mtu alikuwa na mambo yake.

FURUSHI NA MZIGO

Kuna ndugu ananiangalia kwa wasiwasi, naye ana hoja. Pasta, wokovu si wa mtu binafsi? Mama yangu ameokoka, hiyo haitaniokoa mimi. Kweli kabisa, na sitawahi kulihubiri tofauti. Siku ya Pentekoste ndimi za moto ziliketi juu ya kila mmoja wao. Kila mmoja. Hakuna aliyepata moto wa jirani. Lakini soma mstari wa kwanza: walikuwa wote mahali pamoja. Mungu hakumfuata mmoja mmoja kwake. Hata yule mwenye kupooza katika Marko 2, watu wanne walimbeba wakabomoa dari, na Yesu aliiona imani yao. Yao. Sijui yule mgonjwa mwenyewe alikuwa na imani kiasi gani siku ile. Pengine alikuwa amechoka kuamini. Ziko siku utahitaji kubebwa na imani ya wengine, na siku hiyo utajua kama una kanisa au una ukumbi wa kukodi.

Wagalatia 6 inaliweka wazi. Mstari wa 2 unasema tuchukuliane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Je, Paulo amejisahau ndani ya mistari mitatu? Hapana. Furushi ni lile unaloweza kulibeba mgongoni, na ni lako. Toba yako ni furushi lako. Kuamka kwenda kazini ni furushi lako. Usilete uvivu wako kwa ushirika ukauita mzigo. Wapo wanaokula ndugu zao kwa jina la upendo, na hao pia wamewafunza watu kufunga milango. Lakini mzigo ni kile kinachoangusha mtu. Upasuaji ni mzigo. Kufutwa kazi ni mzigo. Mtoto aliyepotelea kwa dawa za kulevya ni mzigo. Huo hukuumbiwa kuubeba kimya ili usisumbue mtu.

Na wewe mgonjwa una sehemu yako. Yakobo 5:14 haisemi wazee waote ndoto kwamba unaumwa. Inasema awaite. Dada yetu na mimi tumelizungumza hilo, na tumeombana msamaha. Yeye kwa kutoita, mimi kwa kuishi namna ambayo hakuona kama angeweza kuita.

Tumeanza kurekebisha kidogo. Daftari la washirika halitasoma tena sadaka. Ushirika wa nyumbani hautazidi watu kumi na wawili, ili asiyekuja aonekane, na kiongozi wake amtafute ndani ya siku tatu, kwa miguu kama yuko karibu. Hitaji linaloletwa Jumatano likitoka nje ya chumba, aliyelitoa atakaa chini na wazee, hata kama ndiye anayeongoza sifa. Na yule mama mboga, tulienda kumshukuru, wazee wanne na mimi. Alitukaribisha chai. Akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani ninyi mlikuwa wapi?" Hatukuwa na andiko la kumjibu.

Sasa tunakuja mezani. 1 Wakorintho 11:33, baada ya maonyo yote yale, baada ya kutaja ugonjwa na kifo, Paulo anawapa dawa yake, na ni dawa ndogo mpaka unashangaa: mkikusanyika kula, ngojaneni.

Mashemasi, msifunue vitambaa bado. Nimeangalia humu ndani na nimehesabu walio nje. Mama watatu wako jikoni na chai yetu, na mnajua kila Jumapili ya Meza wao hupata kikombe baadaye wakiwa wamesimama, au hawapati. Walimu wanne wa shule ya Jumapili wako na watoto nyuma ya jengo. Soja wetu yuko getini, na sina hakika kama ameshiriki hata mara moja tangu aajiriwe, ingawa ameokoka. Kuna kijana wa mitambo pale juu ambaye hawezi kuacha meza yake mpaka mtu amshikie.

Ndugu wa benchi la mbele, nyinyi watatu, nendeni mkawaite. Wewe kaa getini badala yake, na wewe angalia sufuria isimwagike. Mwulize kila mmoja jina lake mkiwa njiani. Wengine wote, tutaketi, hatutaimba, hatutafanya matangazo. Tutangoja.